Familia Mbili, Dirisha Moja

Rissne, Stockholm, Novemba 2010. Tangu nitoke Uvira ni miaka thelathini na mitatu. Wiki niliacha kuzihesabu zamani. Miaka bado ninaihesabu.

Mdogo wangu Mapendo,

Najua barua hii hutaisoma mwenyewe. Macho yako, uliniambia, siku hizi yanamtambua mtu akishasema. Basi ataisoma Heri, mwanao, mezani, wengine wakisikiliza, na kwa sababu hiyo naiandika wazi, bila maneno ya pembeni. Heri, mwanangu, soma polepole. Jambo lako limo, ila liko mbele, na ukirukia huko mama yako atajua.

Umenipigia simu mara tatu kuhusu chumba. Mara ya kwanza ulisema, "Yaya, kaka yangu, Heri anaoa baada ya Pasaka. Bibi harusi hatuwezi kumlaza sebuleni. Chumba chako nimwambieje?" Nikasema nitafikiri. Mara ya pili nikasema simu inakatika. Haikuwa ikikatika, Mapendo, nilikusikia vizuri kabisa. Mara ya tatu hukutaja chumba. Ulisema, "Unarudi ama haurudi? Nipe neno moja." Nikakujibu kwamba nitakuandikia, nawe ukacheka ule mcheko wako wa puani: "Mwalimu! Hata swali la neno moja unalifanyia insha."

Insha ndiyo hii. Nisamehe kwamba inaanzia mbali. Akili yangu kwa miezi hii imechanganyikiwa, na sijui njia fupi ya kufika.

Unakumbuka baba alivyotuita kabla ya kula. Mikono tumekwisha kunawa, ugali umefunikwa, harufu ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, imetuzunguka, na hakuna kugusa mpaka yeye, seremala ambaye Jumapili alikuwa katekista, atutaje wote kuanzia mkubwa hadi mdogo. "Byamungu!" Nipo. "Mapendo!" Nipo. Nilipokwenda kusoma shule ya bweni Bukavu hakuniruka. Aliniita vilevile, na mama akaitikia, "Yupo," kisha akaweka sahani yangu na tonge moja la ugali na samaki watatu au wanne. Wewe ndiye uliyenisimulia nilipokuja likizo. Ulikuwa na miaka minane na hasira ya mtu mzima. Ulimuuliza baba, "Kama yupo, mbona hali?" Naye akakujibu bila kuinua macho: "Aliyetajwa yupo. Kuonekana ni jambo lingine. Na rudisha ndagala wake."

Nilipoondoka kabisa, asubuhi ile baada ya wanaume wawili kuja shuleni kunidai majina ya wanafunzi na mimi nikakataa kuyatoa, mama aliendelea kuitikia. Alipofariki mama, ukaitikia wewe. Baba naye alipofariki, ukawa unaita na kuitikia mwenyewe, ingawa kwa desturi anayeita haitikii. Mwezi uliopita uliniambia wajukuu wako wameanza kucheka: "Yupo, yupo, yupo wapi?"

Swali zuri. Na mimi nimeliuliza, mahali ambapo hutaamini.

Ulinishangaa nilipokuambia kwamba tangu nistaafu kiwandani Södertälje ninajifunza kuandika programu za kompyuta. "Kwa umri huo, Yaya? Si ungepumzika?" Nimepumzika, Mapendo. Pumziko lenyewe lilinichosha. Basi kila Alhamisi mchana napanda treni vituo viwili hadi maktaba ya Tensta, na hapo ananifundisha Mama Njeri, Mkenya wa kanisani kwetu, ambaye kazi yake ni hiyohiyo ya programu. Kiswahili chake na changu hugombana kila wiki. Nikisahau nikasema "bitu byangu", yeye huniambia, "Mwalimu, ngeli zote mmeziua huko Uvira, na hata matanga hamkuweka."

Nilitaka kutengeneza kitu kimoja tu: dirisha kwenye skrini lenye majina ya watu wa meza ya baba. Wajukuu wangu wabonyeze jina, wasome huyu alikuwa nani. Hawa watoto, nikiwasemesha, wananijibu kwa Kiswidi. Nilifikiri angalau majina wayajue.

Dirisha kama hilo siku hizi hulichori kwa amri moja baada ya nyingine. Unaandika ukurasa wa maelezo, kila kitu ndani ya mabano yenye ncha: hapa pana orodha, chini yake kitufe, rangi yake hii. Huelezi kiumbwe vipi. Unakitaja, na mashine inakiumba. Ilinipendeza tangu siku ya kwanza, nadhani unajua kwa nini.

Lakini kwenye ukurasa huohuo unaweza pia kutaja kitu kisicho na sura: si kitufe, si maandishi, si picha. Hapo ndipo nilipopotea. Nilikuwa nimetunga klasi yangu mwenyewe, nikaiita Familia. Klasi ni kama ule ubao wa kipimo baba alioutundika karakanani, ambao kila mguu wa kiti ulikatwa kwa kuufuata. Ubao si mguu, huwezi kuukalia. Ukitaka mguu, sharti ukate mmoja. Nami nilitaka kukata Familia moja, humohumo kwenye ukurasa wa maelezo, itunze majina yetu, na orodha iliyoko dirishani iyachukue kutoka kwake.

Niliiweka katikati ya dirisha, mahali pa wazi, kama mgeni wa heshima. Nikawasha. Dirisha likafunguka jeupe, na pale katikati, kwa herufi ndogo, maneno mawili: Uvira.Familia. Uvira ndilo jina nililoipa programu nzima. Baba hayumo, mama hayumo, wewe humo. Ni jina la ubao tu.

"Mwalimu," Mama Njeri akasema, "umemleta mtu asiye na uso ukamwambia ajionyeshe. Afanye nini, maskini? Amekutajia jina lake."

"Nimweke wapi?"

"Huku juu, kwenye akiba ya dirisha. Vya humo havichorwi. Kila kimoja unakipa ufunguo, yaani jina la kukiitia. Anayekihitaji atakiita."

"Na nitajuaje kwamba kimo, kama hakichorwi?"

"Wewe si mzee wa kanisa? Amini."

Nikaamini nusu. Nikaihamishia akibani, na mashine ikakataa kabisa kuiumba. Nilikuwa nimeiandika klasi ile kwa namna ya kwetu: Familia haizaliwi mpaka itajiwe jina la mwenye nyumba. Mama Njeri akatikisa kichwa. Kitu kinachotajwa kwenye ukurasa, akasema, lazima kiweze kuanza mikono mitupu, bila kudai chochote. Majina kitapewa baadaye. Nikabishana naye mpaka msimamizi wa maktaba akatutazama. Familia ianzeje bila baba? Kisha nikakumbuka nilivyoshuka Stockholm na begi lenye madaftari manne, nikafuta lile sharti.

Mambo yakanyooka. Nikamwandika baba humohumo akibani, na mama chini yake. Nikawasha, na majina mawili yakatokea kwenye orodha. Mapendo, nilipiga makofi. Halafu nikaongeza kitufe cha kuwaingiza wengine. Nikaandika jina lako, nikabonyeza. Hakuna kitu. Baba na mama wamekaa wawili tu, kama kabla hatujazaliwa. Nikajiandika mimi. Hakuna kitu. Wiki mbili nzima nilibonyeza kitufe kile, nyumbani, nikiwa na kahawa iliyopoa. Mashine haikulalamika hata mara moja. Ingesema kuna kosa ningejua pa kushika. Ilinipokea, ikanyamaza.

Alhamisi ya tatu Mama Njeri alivuta kiti, akasoma nilichoandika, akaweka mkono mdomoni.

"Mwalimu. Una familia mbili."

"Punguza sauti."

"Mzee wa kanisa mzima! Ngoja mchungaji asikie."

"Mama Njeri, hapa kuna watu wa kwetu."

"Hebu tazama." Akaweka kidole kwenye skrini. "Moja uliitaja kule juu, akibani, na orodha imeunganishwa na hiyo. Halafu huku kwenye msimbo, yaani kwenye amri zako, dirisha linapofunguka, umeumba nyingine, mpya. Majina yote umekuwa ukiitia hii. Haina ubaya wowote, imejaa watu. Ila dirisha haliijui."

"Zinafanana."

"Zimekatwa kwa ubao wako mmoja, ndiyo. Lakini ni mbili. Kwa nini uliumba ya pili na ya kwanza ilikuwapo?"

Nikafikiri kabla ya kujibu, kwa sababu alikuwa ameuliza kwa dhati. "Ile ya kwanza sikuiona."

Hakucheka tena. "Si lazima uione," akasema. "Una ufunguo wake. Iite."

Nikafuta ule mstari ulioiumba ya pili. Mahali pake nikaandika mwingine, wa kuiita ya kwanza kwa ufunguo wake. Nikaandika jina lako, nikabonyeza, nawe ukatokea chini ya mama, Mapendo, bila kelele, kama mtu aliyekuwa akingoja mlangoni.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake nikauliza, "Na ile nyingine imekwenda wapi?"

"Ipi?"

"Ile iliyojaa watu."

"Haipo, Mwalimu. Umeifuta." Akaanza kuvaa koti lake. "Usijali. Hakuna aliyekuwa akiitazama."

Alisema kwa wema. Lakini nilipopanda treni kurudi nyumbani nilipita kituo changu bila kujua. Kuta za stesheni ya Rissne zimeandikwa historia ya dunia nzima, mita kwa mita, huwezi kuikosa. Mimi nikaikosa, nikashtukia niko Sundbyberg. Nikakaa kwenye benchi la stesheni, treni mbili zikapita.

Nilikuwa nawaza kuhusu chumba.

Mle ndani, Mapendo, umemtunza mtu. Ana miaka thelathini na miwili. Shati lake limetundikwa nyuma ya mlango, bikari yake ya mbao ya kuchorea duara ubaoni iko juu ya kabati, na kila Jumamosi unafungua dirisha linaloangalia mlima ili kitanda chake kipate hewa. Hapendi pilipili. Ukiita jina langu mezani na kuitikia, huyo ndiye unayemwitikia, na yupo, wala sitaki yeyote akwambie hayupo. Miaka yote hii nilidhani yeye ndiye ninayemwongezea. Nilipomwoa Esperansi nilikuandikia, nikadhani nimemwingiza mle chumbani. Alipozaliwa binti yetu Neema nilikutumia picha, nikadhani nimemwingiza. Tulipomzika Esperansi hapa Spånga, ardhi ikiwa ngumu mpaka wakaichimba kwa mashine, nilikupigia simu, tukalia pamoja, na mwisho ukasema, "Basi sasa utarudi. Kitanda chako kiko tayari." Ukauliza kama bado sili pilipili. Ninakula, Mapendo. Ninakula tangu nilipopita Kigoma njiani kuja huku.

Si kosa lako. Nami nilikaa miaka nikishangaa mbona nabonyeza na kwako hakitokei kitu. Nilikuwa nimeanza mtu mwingine huku, kwa ubao uleule. Jina lile, mwandiko ule, hata kikohozi kile. Nikamjaza, kwa kuwa huyu ndiye niliyeweza kumwona kwenye kioo asubuhi.

Kanuni ya Mama Njeri ni rahisi: usiumbe mwingine, mwite aliyekuwapo. Nikiifuata, jibu lako ni ndiyo. Ninarudi, ninafungua mlango ule, ninavaa shati lile, na Heri atafute pengine. Huyu wa hapa anafutwa kwa mstari mmoja, na kwa kuwa hukuwahi kumwona, hutajua ni nini kimefutwa. Utapika, utaita, nitaitikia mwenyewe, na utashangaa mbona mzee huyu anakaa mezani kama mgeni.

Nimeigeuza kanuni hiyo juu chini. Siku moja naona inanifaa, siku ya pili naona nimeazima kipimo cha mbao kupimia maji. Mashine haina kaburi Spånga. Kwenye mashine waliofutwa unaweza kuwaandika upya kwa dakika tano, na niliwaandika, wote tisa wa meza ya baba. Sijui, Mapendo. Mtu aliyefundisha hesabu miaka kumi anaona aibu kuandika neno hilo, lakini ndilo nililonalo kuhusu sehemu kubwa ya jambo hili.

Nina kipande kimoja tu ninachokijua. Kimetokea Jumapili iliyopita.

Neema alikuwa kwangu na watoto. Alipika sombe, ambayo Mama Njeri huiita kisamvu, na muhogo uliogandishwa, si mbaya. Sijui nini kilinishika. Tulipokwisha kukaa nikafunika chakula nikaanza kuita, kama baba. Nikamwita Neema, akaniitikia kutoka jikoni, akidhani nataka chumvi. Nikamwita Selma, mjukuu wangu wa miaka saba, akajibu "Här", yaani niko hapa. Nikamwita mdogo wake. Kisha, bila kupanga, nikaita, "Mapendo!"

Selma akatazama viti vyote. "Vem är det, Morfar?" Huyo ni nani, Babu? Nami sikuweza kukuitikia, kwa sababu mimi ndiye niliyeita. Nikaona kumbe nimejitegea mtego mwenyewe, mezani pangu, mbele ya watoto.

Neema alikuwa bado jikoni, ametupa mgongo, anachota. Hakugeuka. "Yupo," akasema.

Sikumbuki kumfundisha. Alipokuwa mdogo nilimsimulia habari za meza ya baba, naye akinijibu kwa Kiswidi, macho yake kwenye televisheni, na nilijua hasikii. Selma akahesabu viti tena, akamtazama mama yake, akaona mama yake hatanii. Akateremka, akaenda kabatini, akarudi na sahani. Akaiweka kati yangu na yeye. Akafikiri, akaongeza na uma.

Hapo nikaelewa kitu, au robo yake. Sikukuona, na hukuwapo, na ulikuwapo. Hukulazimika kufunga safari. Hukulazimika kumfuta mtu wa Uvira ili uwe kwenye meza ya Rissne. Ulitajwa na mtu akakuitikia, ikatosha. Kama inatosha kwako hapa, basi huenda inatosha kwangu huko, na kitanda hakihitajiki.

Heri, mwanangu, umefika. Chumba ni chako na mkeo. Si cha kuazima, wala si mpaka mjomba atakapokuja. Lile shati msimpe mtu, litakuwa limeoza, fanyeni tambara. Madaftari niliyoyaacha humo, kama panya wameacha kitu, mama yako aamue, mimi sina neno. Bikari ipeleke shuleni kwa anayefundisha hesabu sasa. Dirisha la mlima lilikuwa likikwama wakati wa mvua, ulisukume kwa bega, chini kushoto. Kitanda ni chembamba kwa watu wawili, lakini mwaka wa kwanza hamtaona.

Na wewe, Mapendo. Jina langu endelea kuliita, na safari hii itikio mwachie mke wa Heri. Utapata tena haki ya anayeita, yaani kunyamaza na kusikiliza. Wajukuu wakiuliza yupo wapi, waambie yuko Rissne, ana wajukuu wawili na anakula pilipili. Sahani yangu usiiweke tena. Mpe bibi harusi, atahitaji moja ya kuanzia. Najua utaishika kidogo kabla ya kumpa. Ishike.

Nakuaga hapa, maana Heri amechoka kusoma na ugali unapoa. Mungu akulindie macho yaliyobaki. Mimi mwenzako hapa, ile sahani aliyoiweka Selma sijairudisha kabatini. Nimeiosha tu nikaiacha juu ya meza.

Uliomba neno moja, nami nimekuchosha kwa elfu mbili. Neno lenyewe ni hili.

Sitarudi.

Yaya wako